Nani atamlinda mdokezi? Siri za vyanzo vya habari mashakani Bonde la Ufa

"DURU za kuaminika zilieleza." Msomaji wa magazeti nchini amekutana na maneno haya mara nyingi hata hayamshughulishi tena. Lakini nyuma ya kila duru kuna binadamu: karani wa ofisi ya ardhi, muuguzi wa hospitali ya umma, askari wa cheo cha chini au kibarua wa shamba la maua. Ana mshahara anaoutegemea, ana jamaa wanaomtegemea yeye, na ana mkubwa wake wa kazi ambaye gazeti likitoka asubuhi atauliza swali moja tu: Ni nani aliyetoa habari hii?

Swali hilo lina uzito wa pekee mjini Nakuru na katika eneo zima la kati la Bonde la Ufa. Hapa ndipo yanapokutana mambo yanayowagombanisha Wakenya zaidi kuliko mengine: umiliki wa mashamba makubwa, msitu wa Mau, maji ya mito na mabwawa, ajira katika mashamba ya maua ya Naivasha, mvuke wa Olkaria na kumbukumbu za ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007. Hakuna hata moja kati ya mambo hayo linaloweza kuandikwa kwa ukamilifu iwapo mwandishi atategemea taarifa rasmi peke yake.

Kwa miaka mingi, ulinzi wa mdokezi ulikuwa suala la kiapo. Mwandishi aliahidi kutotaja jina, na akilitunza, basi kazi imekwisha. Ahadi hiyo bado ni ya lazima, ila haitoshi tena. Anayemtafuta mdokezi leo hana haja ya kumkamata mwandishi na kumhoji. Anaweza kuiuliza simu, akaiuliza kompyuta, akaiuliza hata karatasi iliyochapishwa.

Funzo la Munyakei

Mfano unaoumiza zaidi ni wa David Munyakei. Alikuwa karani kijana katika Benki Kuu ya Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1990 alipoona mabilioni ya shilingi yakilipwa kampuni ya Goldenberg kwa dhahabu na almasi ambazo hazikuwapo. Nakala za stakabadhi zikawafikia wabunge wa upinzani, miongoni mwao Paul Muite na Anyang' Nyong'o, na kashfa hiyo ikafichuliwa bungeni mnamo 1993.

Munyakei alikamatwa, akashtakiwa chini ya Sheria ya Siri za Serikali, na ingawa mashtaka hayo hayakuendelea, alipoteza kazi. Aliishi Mombasa kwa miaka kadhaa kabla ya kujitokeza kutoa ushahidi mbele ya Tume ya Bosire. Mnamo 2004 shirika la Transparency International lilimtunukia tuzo ya uadilifu. Tuzo haikumrudishia riziki. Alifariki dunia Julai 2006 huko Narok akiwa maskini, huku waliotajwa katika kashfa hiyo wakiendelea na maisha yao.

Wengi huisimulia habari hiyo kama kisa cha taifa lisilokuwa na shukrani, na ndivyo ilivyo. Lakini kwa anayechunguza ulinzi wa vyanzo vya habari kuna funzo la pili. Stakabadhi za aina ile zilipitia mikono ya watu wachache. Mara tu yaliyomo yaliposomwa hadharani, orodha ya wanaoweza kushukiwa ilikuwa fupi tangu mwanzo. Siri ya mtungi aijuaye kata, na pale kata zikiwa tatu au nne, haichukui muda kuijua iliyochota.

Miaka 24 baadaye jambo kama hilo lilitokea Marekani. Mnamo 2017 Reality Winner, mfanyakazi wa kampuni iliyofanya kazi za shirika la ujasusi NSA, aliipelekea tovuti ya habari waraka wa siri. Wapelelezi walipoonyeshwa nakala yake waligundua kwamba ilikuwa imechapishwa kwa mashine. Wakakagua ni nani waliowahi kuuchapisha, wakapata watu sita. Kati ya hao sita, mmoja tu ndiye aliyekuwa amewasiliana na tovuti hiyo kwa kutumia kompyuta ya kazini. Alihukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka mitano mnamo 2018. Hakuna mwandishi aliyetaja jina lake. Waraka wenyewe ndio uliomtaja.

Eneo lenye makovu

Katika Bonde la Ufa, hatari haiishii kwenye kufutwa kazi. Baada ya ghasia za mwishoni mwa Januari 2008 zilizoikumba miji ya Nakuru na Naivasha, Tume ya Jaji Philip Waki ilisikiliza mashahidi, baadhi yao faraghani kwa kuhofia usalama wao. Majina ya washukiwa wakuu yaliwekwa katika bahasha iliyofungwa, ikakabidhiwa Kofi Annan Oktoba 2008, naye akaipeleka kwa kiongozi wa mashtaka wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) Julai 2009. Bahasha ile ilithibitisha kwamba, ikiwa kuna utaratibu na nia, siri nzito inaweza kutunzwa hata katika nchi yenye masikio mengi.

Yaliyofuata hayakuwa hivyo. Meshack Yebei, aliyehusishwa na kesi ya ICC dhidi ya William Ruto na mtangazaji Joshua arap Sang, alitoweka Desemba 2014 na baadaye kupatikana akiwa ameuawa. Aprili 30, 2015, John Kituyi, mhariri wa gazeti dogo la Mirror Weekly mjini Eldoret, alishambuliwa na kuuawa alipokuwa akielekea nyumbani. Gazeti lake lilikuwa limechapisha habari kuhusu kesi hiyo hiyo. Taarifa za watetezi wa wanahabari zilieleza kwamba wavamizi walichukua simu yake, wakamwachia fedha na saa. Sababu ya mauaji hayo haijathibitishwa mahakamani. Kesi ya ICC nayo ilisitishwa Aprili 2016, majaji walio wengi wakilalamikia kuingiliwa kwa mashahidi.

Ikiwa kweli simu ndiyo iliyotafutwa, mtu anaweza kujiuliza ilikuwa na nini ndani yake. Simu ya mhariri ni daftari la majina. Ina nambari za wote waliomwamini, siku walizompigia na jumbe walizomwandikia. Mwandishi anapouawa au kunyang'anywa simu, wanaobaki hatarini ni wale ambao majina yao yamo ndani.

Upande wa pili wa mpaka wa mkoa wa zamani, huko Nyamira, mwandishi Francis Nyaruri wa Weekly Citizen aliuawa Januari 2009 baada ya kuandika kuhusu madai ya ufisadi katika ujenzi wa nyumba za polisi. Alikuwa akitumia jina la bandia katika makala zake. Katika mji mdogo, jina la bandia huwaficha waandishi mbele ya wageni. Wenyeji huwajua kwa mwendo.

Hapo ndipo ugumu wa Nakuru ulipo. Kaunti hii ilikuwa na wakazi 2,162,202 katika sensa ya 2019, na mji wake mkuu ulipandishwa hadhi kuwa jiji Desemba 1, 2021. Hata hivyo, ofisi ya kilimo ya Subukia, zahanati ya Solai au kituo cha polisi cha Molo si jiji. Wafanyakazi wanajuana, wanapanda matatu moja, wanasali kanisa moja. Mwandishi akionekana mara mbili na karani katika mkahawa ulio kando ya Barabara ya Kenyatta mjini Nakuru, habari hufika ofisini kabla ya karani mwenyewe kurejea.

Uzito wa jambo hili ulijidhihirisha usiku wa Mei 9, 2018, kingo za bwawa la Patel huko Solai zilipopasuka na maji yakaua watu wasiopungua 47. Baada ya msiba, maswali kuhusu vibali na ukaguzi wa mabwawa ya shamba hilo yalijaa kila mahali. Lakini bwawa halijengwi kwa siku moja wala gizani. Kuna waliolichimba, waliolijaza na waliopita kandoni mwake kila siku. Habari inayohitajika zaidi ni ile inayotoka kabla ya maji kumwagika, na hiyo hutolewa na mtu wa ndani anayeamini kwamba hatapoteza kibarua chake kwa kusema.

Sheria ina pengo

Je, sheria ya Kenya inampa mtu huyo imani? Jibu ni nusu ndiyo, nusu hapana.

Katiba ya 2010 ni nzuri. Kifungu cha 31 kinalinda faragha, ikiwemo ya mawasiliano. Kifungu cha 33 kinalinda uhuru wa kujieleza, cha 34 kinalinda uhuru wa vyombo vya habari, na cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari. Kanuni za maadili zilizoambatishwa kwenye Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya 2013 zilitambua wajibu wa mwandishi wa kulinda vyanzo vya siri. Lakini wajibu wa kimaadili si kinga ya kisheria. Kanuni inamwambia mwandishi asiseme, ila haimzuii hakimu au mpelelezi kumlazimisha aseme.

Linganisha na Sheria ya Ushahidi. Sheria hiyo inalinda mazungumzo ya wakili na mteja wake. Kifungu cha 133 kinaeleza kwamba afisa wa polisi hawezi kulazimishwa kusema alikotoa habari kuhusu kutendeka kwa kosa. Yaani Bunge lilitambua tangu zamani kuwa mpasha habari wa polisi akianikwa, hakuna atakayethubutu tena kwenda kituoni. Mantiki hiyo hiyo inamfaa mdokezi wa gazeti, lakini sheria haikumtaja.

Pengo hilo lilionekana Novemba 10, 2015, John Ngirachu, mwandishi wa masuala ya Bunge wa Daily Nation, alipokamatwa katika majengo ya Bunge na kupelekwa kwa wapelelezi. Alikuwa ameandika kuhusu matumizi ya fedha katika wizara iliyosimamia usalama wa ndani. Usahihi wa habari haukuwa hoja kuu. Kilichotakiwa ni kujua aliyempa. Aliachiliwa baada ya saa kadhaa huku malalamiko yakitanda ndani na nje ya nchi. Kilichomwokoa ni kelele za umma zaidi ya kifungu cha sheria, na kelele za umma hazisikiki kwa urahisi kwa ajili ya mwandishi wa kujitegemea aliyekamatwa Kuresoi.

Majirani wetu wana hali tofauti. Sheria ya Wanahabari ya Uganda ya 1995 inasema wazi kwamba mwandishi hatalazimishwa kutaja chanzo chake isipokuwa kwa ridhaa ya mwenyewe au kwa amri ya mahakama. Hata hivyo, Mei 20, 2013 polisi walizivamia ofisi za gazeti la Monitor mjini Kampala wakitafuta barua ya Jenerali David Sejusa na aliyeitoa, na gazeti likafungwa kwa siku kumi. Nchini Tanzania, Maxence Melo wa Jamii Forums alikamatwa Desemba 2016 baada ya kukataa kutoa taarifa za watumiaji wa mtandao wake, na Aprili 2020 mahakama ikamtoza faini kwa kuzuia uchunguzi. Sheria nzuri pekee haitoshi, lakini bila sheria mwandishi hana hata pa kuanzia kujitetea.

Kuhusu wafichuzi wenyewe, ulinzi umetawanyika. Upo kidogo katika Sheria ya Kupambana na Ufisadi ya 2003, kidogo katika Sheria ya Hongo ya 2016, na kidogo katika Sheria ya Upataji Habari ya mwaka huo huo. Kibarua wa Naivasha hawezi kutarajiwa kuzisoma zote tatu ili ajue ni ipi itakayomkinga.

Simu husema

Wakati sheria ikijikokota, teknolojia imekimbia. Ni muhimu kueleza kwa lugha nyepesi jinsi mdokezi anavyojulikana bila mtu yeyote kufungua kinywa.

Mosi, rekodi za simu. Kila unapopiga, kampuni ya simu huandika nambari iliyopiga na iliyopigiwa, saa, muda wa mazungumzo na mnara ulioyapitisha. Hakuna haja ya kusikiliza kilichosemwa. Ikiwa mhasibu wa hospitali alimpigia mwandishi mara nne katika juma lililotangulia habari, mpelelezi ana jibu lake. Rekodi hizi si mbaya kwa asili yake. Zilikuwa miongoni mwa ushahidi katika kesi ya mauaji ya wakili Willie Kimani, iliyomalizika kwa maafisa watatu wa polisi na mpasha habari wao kupatikana na hatia Julai 2022. Chombo kinachomnasa muuaji ndicho kinachoweza kumnasa mwema, na tofauti ni nani anayekishika na kwa idhini ya nani.

Kisheria, idhini hiyo hutoka mahakamani. Hata hivyo, ripoti ya shirika la Privacy International ya Machi 2017 ilidai kwamba maafisa wa usalama waliweza kuzifikia taarifa za mawasiliano bila kufuata utaratibu huo, na Oktoba 2024 uchunguzi uliochapishwa na Nation ukaibua madai yanayofanana. Kampuni ya Safaricom imekanusha kutoa taarifa za wateja kinyume cha sheria. Msomaji atajiamulia, lakini mwandishi mwangalifu hupanga kazi yake kana kwamba rekodi zake zinaweza kusomwa.

Pili, laini ya simu. Nchini Kenya kila laini husajiliwa kwa kitambulisho. Wapo wanaodhani kwamba kununua laini ya pili kunatosha. Wanasahau kuwa simu yenyewe ina nambari yake ya kiwandani, ambayo huonekana kwenye mtandao kila laini inapowekwa ndani yake. Laini mbili katika simu moja ni majina mawili ya mtu mmoja.

Tatu, fedha. Ni kawaida mwandishi kumtumia mdokezi nauli kwa M-Pesa ili atoke Njoro hadi mjini. Kwa tendo hilo dogo la ukarimu, majina ya wote wawili, tarehe na kiasi vimehifadhiwa pamoja. Nauli ya mkononi haiachi alama hiyo.

Nne, simu iliyotwaliwa. Mei 2, 2025 watengenezaji filamu wanne walikamatwa jijini Nairobi wakihusishwa na filamu ya BBC kuhusu mauaji ya waandamanaji wa Juni 2024, ingawa BBC ilisema hawakushiriki kuitengeneza. Waliachiliwa, lakini vifaa vyao vilibaki mikononi mwa polisi hadi Julai 10. Wataalamu wa Citizen Lab wa Chuo Kikuu cha Toronto walipovichunguza walisema waligundua programu ya upelelezi iitwayo FlexiSPY, iliyowekwa wakati vifaa vikizuiliwa. Programu ya aina hiyo husoma jumbe, hufuatilia mahali simu ilipo na huweza kuwasha kinasa sauti. Simu ikirudi kutoka kituoni ikiwa na ufa kwenye kioo, mwenyewe huuona. Mgeni wa namna hii haonekani.

Tahadhari kabla ya hatari

Hakuna kinga kamili, lakini ziko hatua ambazo hata mwandishi wa kujitegemea asiye na mtaji anaweza kuzichukua.

Ya kwanza ni kuzungumza kuhusu siri kabla ya kuzungumza kuhusu habari. Mdokezi ajue ahadi inahusu nini: je, jina lake halitatajwa, au hata ofisi yake haitatajwa? Je, mhariri atalijua jina? Nini kitatokea mahakama ikiamuru? Mwandishi asiahidi kwenda gerezani kwa niaba ya gazeti ambalo halijaahidi kumlipia wakili.

Ya pili ni kuchagua njia ya mawasiliano mapema, kwa kuwa mara nyingi kosa hutokea katika simu ya kwanza kabisa. Programu za ujumbe unaofumbwa kutoka simu hadi simu zinasaidia sana. WhatsApp ilianza kufumba jumbe zote mnamo Aprili 2016, lakini yaliyohifadhiwa kama nakala rudufu na orodha ya waliowasiliana ni mambo tofauti. Signal huhifadhi machache zaidi: mnamo 2016 wamiliki wake walipoamriwa na mahakama ya Marekani kutoa taarifa za mteja, walichokuwa nacho ni siku aliyojiunga na siku aliyounganishwa mara ya mwisho. Jumbe ziwekewe muda wa kujifuta. Na mdokezi kamwe asitumie simu, kompyuta au intaneti ya ofisi anayoizungumzia.

Lakini ieleweke kwamba katika vijiji vingi vya Bonde la Ufa, mdokezi ana simu ya kawaida isiyokuwa na intaneti, ile wenyeji waiitayo "mulika mwizi". Kwake, ushauri kuhusu programu ni hadithi ya mbali. Huyu ni bora aonwe ana kwa ana, mahali ambapo wote wawili wana sababu ya kawaida ya kuwapo: sokoni, mnadani, kwenye ibada, katika foleni ya hospitali. Simu ziachwe nyumbani zikiwa zimewaka. Simu mbili zinazozimwa kwa wakati mmoja na kuwashwa kwa wakati mmoja zinatoa ishara kama zile zilizowaka pamoja.

Ya tatu ni kushughulikia hati kwa uangalifu. Picha iliyopigwa kwa simu hubeba ndani yake saa, aina ya simu na pengine mahali ilipopigwa. Nakala inaweza kuwa na mhuri, mkunjo au kosa la chapa lililo katika nakala moja pekee. Ni salama zaidi kunakili yaliyomo upya kuliko kuchapisha picha ya hati. Na kabla ya kuchapisha chochote, mwandishi ajiulize: watu wangapi wameiona hati hii? Wakiwa watatu, habari ingoje hadi itafutiwe njia ya pili ya kuithibitisha.

Ya nne inahusu simu ya mwandishi mwenyewe. Ifungwe kwa nambari ndefu ya siri badala ya alama ya kidole, kwa kuwa kidole chaweza kushikwa kwa nguvu. Majina ya wadokezi yasiandikwe kama yalivyo. Simu ikitwaliwa na kurejeshwa, isitumiwe tena kwa kazi ya siri kabla ya kukaguliwa na mtaalamu.

Ya tano, ambayo husahaulika zaidi, ni kalamu. "Afisa mkuu wa kike katika idara ya ununuzi" ni maneno manane yanayoweza kumtambulisha mtu kuliko picha. Tamaa ya kumwonyesha msomaji kwamba chanzo ni kizito imewaponza wadokezi wengi kuliko mitambo ya ujasusi.

Si kichaka cha uongo

Wapo watakaopinga, na hoja yao ina uzito. Usiri unaweza kuwa kichaka cha waongo. Mwanasiasa anaweza kujificha nyuma ya "duru" ili ampake tope mpinzani, na eneo hili linajua gharama ya uvumi. Mnamo 2008 maneno yasiyo na mwenyewe, yaliyosambazwa kwa ujumbe mfupi na kwa baadhi ya vituo vya redio, yalichangia kuwasha moto.

Ndiyo sababu kanuni za taaluma zilisisitiza kwamba chanzo kisichotajwa kwa msomaji lazima kijulikane kwa mwandishi na mhariri, na kitumiwe tu pale ukweli hauwezi kupatikana vizuri kwa njia nyingine. Aidha, kinga ya mwandishi haigeuzi uhalifu kuwa uandishi. Mnamo Oktoba 2013 ICC ilitangaza hati ya kumkamata Walter Barasa, aliyekuwa mwandishi wa habari mjini Eldoret, kwa madai ya kujaribu kuwahonga mashahidi. Alikanusha madai hayo. Ikiwa yangethibitishwa, hakuna kanuni ya kulinda vyanzo ambayo ingemwokoa, wala haikupasa.

Mizani hii imekwishawekwa kwingine. Katika kesi ya Goodwin dhidi ya Uingereza mnamo 1996, Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kwamba mwandishi asilazimishwe kutaja chanzo ila pale maslahi ya umma yanapodai hivyo kwa uzito usioweza kupuuzwa. Bara letu nalo limesema. Azimio la Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu la 2019 kuhusu uhuru wa kujieleza, katika kanuni yake ya 25, linataka ufichuzi wa chanzo uamriwe na mahakama pekee, baada ya kusikiliza pande husika, na pale ambapo habari haiwezi kupatikana kwingine. Linakataza pia kuukwepa ulinzi huo kwa njia ya upelelezi wa mawasiliano. Kenya haihitaji kubuni jipya. Inahitaji kuandika katika sheria yake kile ambacho Tume ya bara lake imekwisha kukiandika.

Mzigo ni wa nani?

Hatua ya kwanza, basi, ni ya Bunge: kuiongezea Sheria ya Ushahidi kifungu cha kumlinda mwandishi na chanzo chake, na kukusanya ulinzi wa wafichuzi katika sheria moja inayoeleweka.

Ya pili ni ya Mahakama. Hakimu anayeombwa kibali cha kupekua simu au rekodi ana haki ya kuuliza kama mwenye simu ni mwandishi, na kama taarifa inayotafutwa haiwezi kupatikana kwa njia nyingine.

Ya tatu, na huenda ndiyo ngumu zaidi, ni ya wamiliki wa vyombo vya habari. Habari nyingi kutoka Bonde la Ufa huletwa na waandishi wa mashinani wanaolipwa kwa kila habari iliyochapishwa. Hutumia simu zao wenyewe, hujilipia intaneti, na wakishikwa hawana hakika kama ofisi ya Nairobi itatuma wakili. Haiwezekani kudai kwamba mwandishi huyu atunze siri kama benki ilhali amelipwa kama kibarua wa siku. Simu moja ya kazi, nambari ya wakili inayopokewa usiku na mafunzo ya siku chache haviwezi kuifilisi kampuni. Baraza la Vyombo vya Habari na vyama vya wanahabari vinaweza kusaidia katika mafunzo, lakini gharama ya msingi ni ya anayeuza gazeti.

Wapo watakaosema kwamba mambo haya ni ya wanahabari na hayamhusu mkulima wa Bahati wala mama muuza mboga katika soko la Wakulima. Yanamhusu. Maji anayokunywa, dawa anayokosa zahanatini, hatimiliki ya shamba lake na usalama wa bwawa lililo juu ya kijiji chake vyote viko mikononi mwa ofisi ambazo hazimwiti kwenye mikutano yao. Kuna mtu mmoja ndani ya kila ofisi hizo anayejua na ambaye dhamiri inamsumbua. Mtu huyo anapima leo kama ataongea au atanyamaza, na kipimo chake ni yaliyowapata waliotangulia kuongea.